Toleo la Tatu: Shajara ya Jarida Letu la Fasihi na Sanaa, Tabora

Novemba, wiki ya pili

Bodi mpya ya uhariri imekaa leo chini ya miembe nyuma ya maktaba, maana ukumbi ulikuwa na semina. Nimepokea kiti cha mhariri mkuu kutoka kwa dada aliyehitimu mwaka jana, ambaye sasa anafundisha sekondari huko Nzega. Aliniachia daftari kubwa lenye orodha ya kazi zote zilizowahi kuletwa, maoni ya wasomaji, na nakala ya kila barua aliyomwandikia mtunzi. Nilikubali kazi hii kwa sababu ya daftari hilo. Humo unamwona mshairi mmoja akirudishiwa shairi na maoni, akirekebisha, akirudishiwa tena, hatimaye shairi likachapwa katika toleo la pili. Kazi yote ya jarida la wanafunzi imo katika kurasa hizo.

Kabla ya kugawana vyeo tumekubaliana mambo mawili. Kila kazi itasomwa na watu wawili wasiomjua mtunzi: katibu ataondoa jina na kuweka namba, na kilichoandikwa kwa mkono kitapigwa chapa kwanza, kwani chuo chetu ni kidogo na miandiko inajulikana. La pili, kila aliyeleta kazi atajibiwa kwa barua, akubaliwe asikubaliwe, na barua hiyo itaje angalau sehemu moja ya kazi yake kwa kuinukuu.

Mhazini ameuliza, na ni haki yake kuuliza, kama hili la pili litawezekana mitihani ikikaribia. Nimemjibu kwamba hapo hatuna hiari. Wengi wetu hapa tunasomea ualimu. Mtu wa mwaka wa kwanza aliyetoa hadithi yake ya kwanza, akakaa miezi bila kusikia neno, kisha akaona toleo limetoka na jina lake halimo, hataandika tena. Baya zaidi, miaka michache baadaye atasimama mbele ya darasa la kidato cha tatu kufundisha fasihi, huku mwenyewe akiamini kwamba ukiandika hakuna anayekusoma. Hilo linanikosesha raha kuliko suala la fedha.

Nafasi mbili za wahariri wasaidizi tumewapa wa mwaka wa kwanza. Sisi wa mwaka wa tatu tunaondoka Julai.

Novemba, wiki ya nne

Kikao cha mafunzo. Mlezi wetu, mwalimu wa idara ya Kiswahili, alinitaka niwaeleze wapya kwamba hatukuanzisha sisi jambo hili. Nikawaeleza.

Makerere walikuwa na Penpoint tangu 1958, jarida la wanafunzi wa idara ya Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, enzi hizo akiitwa James Ngugi, alichapa humo hadithi zake za mwanzo na akapata kuwa mhariri wake. Dar es Salaam wakafuata na Darlite mwaka 1966. Kisha Novemba 1969 wanafunzi wa mrengo wa kushoto pale Mlimani wakatoa Cheche. Walipiga maandishi kwenye karatasi za stensili na kuyatoa kwa mashine ya kudurufu, na halikudumu zaidi ya mwaka mmoja hivi: Novemba 1970 likapigwa marufuku pamoja na chama chao. Mhariri msaidizi mmoja akauliza kwa nini jarida la mwaka mmoja bado linazungumzwa. Nilimwambia lilisomwa kwa makini na watu waliobishana nalo, na mabishano hayo yaliendelea hata baada ya karatasi kuisha.

Mlezi akaongeza jambo ambalo chumba kizima kilinyamaza kulisikiliza. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikusanyika Makerere, mkutano ukiwa wa wale wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert hakuwemo, naye akafariki mwezi huohuo. Mwalimu alilisema hilo polepole, bila kulalamika, kisha akatutazama mmoja mmoja. Tumeamua rasmi kwamba jarida litabaki la Kiswahili kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho, hata maelezo ya michoro.

Na Tabora ina historia yake katika uchapaji. Mhariri wa nathari alikuja na kitabu cha babu yake, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na chini ya jalada la ndani kimeandikwa T.M.P. Book Department, Tabora, yaani Tanganyika Mission Press, wachapaji wa misheni. Kitabu kikazunguka mkono kwa mkono. Kwa miaka mingi Kiswahili cha watu wa mbali kilipigwa chapa hapahapa, katika mji huu, halafu sisi tunazungumza kana kwamba vitabu vinazaliwa Dar peke yake.

Desemba

Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa kila idara na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp ya madarasa. Tunapokea mashairi, hadithi fupi, tamthilia ya onyesho moja, insha kuhusu sanaa, michoro na picha. Mtunzi anabaki na hakimiliki yake. Anatupa ruhusa ya kuchapa mara moja tu, na anatia saini fomu ya ridhaa.

Kazi zilikuja kidogo kidogo, halafu siku mbili za mwisho zikaja kwa mkupuo. Mashairi ni mengi mno kuliko hadithi. Insha za sanaa hazijafika hata moja, kwa hiyo tumegawana kuwafuata watu hostelini na kuwaomba.

Januari, wiki ya tatu

Tumeanza kusoma. Tunasoma kwa sauti, watatu watatu, hata nathari. Shairi la Kiswahili hulijui mpaka ulisikie, na aya ya hadithi iliyojaa maneno ya kujaza huanguka yenyewe mdomoni mwa msomaji.

Nitaandika kwa kirefu kuhusu shairi moja, maana limetufundisha zaidi ya mengine. Mtunzi ni dada wa mwaka wa pili (wakati wa kusoma hatukumjua, nimemjua baada ya uamuzi, katibu alipofungua bahasha). Shairi lake linahusu mama anayeuza asali kwenye vituo vya reli ya kati, wale wanaokimbilia madirisha ya mabehewa wakiwa na vidumu na chupa. Mshororo wa kwanza ulikuwa hivi:

*Gari la moshi lapiga honi, mama hushika asali*

Wasomaji wote wawili walikwama hapo. Kipande cha kwanza kina mizani (silabi) 10, cha pili kina 8, wakati mishororo mingine yote ni 8 kwa 8. Na mshororo wa tatu katika kila ubeti ulikuwa wa kuhubiri: wanawake tusimame, wanawake tusichoke. Msomaji mmoja alipendekeza likataliwe, kwamba mtunzi hana sikio. Mwingine akasema hapana, sikio analo. Ukisikiliza ile mishororo ya nne, inakwenda kama magurudumu juu ya viungo vya reli.

Tulimwandikia barua ya ukurasa mmoja. Hatukumtungia mshororo mpya, na hilo ni sharti letu: mhariri anaonyesha panapovuja, haezeki. Tulimwambia mizani imezidi wapi. Kisha tukamuuliza swali moja kuhusu mshororo wa tatu: huyo mama, saa hiyo treni imesimama, anaona nini?

Alirudi baada ya wiki. Ubeti wa kwanza sasa ni huu:

*Treni ikipiga honi, mama hushika asali,*
*Hukimbia dirishani, wateja wako kwa mbali,*
*Jua liko utosini, bei yake si ya ghali,*
*Chukua tia kinywani, asali ya nyuki kweli.*

Mahubiri yameondoka na jua limeingia. Vina vya kati ni -ni, vya mwisho ni -li, mizani 16 kila mshororo, na mshororo wa nne ni sauti ya mama mwenyewe akinadi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mhariri wa ushairi alilisoma kwa sauti, na kijana mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maji akasimama, akasikiliza mpaka beti zote zikaisha. Limekubaliwa.

Februari

Mitihani. Kusoma kumesimama, barua hazikusimama. Kila Jumapili baada ya ibada tumekaa pamoja saa moja kuandika majibu, na waliokataliwa wote wameshapata barua zao. Wawili walikuja kuniona. Mmoja alikuwa na hasira. Tulisoma hadithi yake pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, na aliondoka bado hakubaliani nami kuhusu mwisho wake. Ni haki yake, na nimemwambia alete nyingine.

Machi, wiki ya kwanza

Mjadala wa jalada umetula jioni nzima. Mchoraji mmoja ametuletea vibao viwili alivyochora kwa mtindo wa Tingatinga. Cha kwanza ni twiga chini ya mlima wenye theluji, rangi kali, usafi wa mkono hauna dosari. Cha pili ni bani, banda la kukaushia tumbaku, moshi mzito wa bluu ukipenya kwenye matundu ya ukuta, wanawake wawili wakifunga majani kwenye fito, na ndege wenye macho makubwa wamejipanga juu ya paa kama wanavyojipanga katika michoro ya mtindo huo.

Wengine walitaka twiga, kwamba atavutia wanunuzi. Mmoja alikataa vyote viwili akisema ni kuiga tu. Nikamkumbusha kwamba Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu mmoja kutoka Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ileile ya kupakia baiskeli, na akafariki 1972. Miaka minne tu. Mtindo umeishi kwa sababu ndugu na wanafunzi wake waliuchukua na kuuendeleza. Kutumia mtindo si wizi. Tulichokataa katika twiga ni kwamba picha ile imeshachorwa na kila mtu. Kile cha bani hakijachorwa na mwingine, kwa kuwa mchoraji amekulia Urambo na anajua moshi ule unatoka wapi. Bani limepita kwa kura nyingi.

Machi, wiki ya tatu

Kupiga picha ya kibao hicho si kazi ndogo. Rangi yenyewe inang'aa kama kioo. Ndani ya darasa dirisha zima lilionekana limekaa juu ya paa la bani, na ukiwasha mwanga wa simu doa jeupe linawafunika wale wanawake. Tulikitoa nje asubuhi, tukakisimamisha kivulini mwa mwembe kikiegemea kiti, kila mmoja akakaa mbali ili rangi ya shati lake isijitokeze kwenye kibao. Simu ilifungwa kwenye kigoda kirefu, kioo chake kikiwa sambamba na kibao ili kingo zisipinde. Picha iliyopatikana ni nzuri, hata alama za brashi kwenye moshi zinaonekana.

Kwa wapya watakaosoma shajara hii: jalada letu ni A5, yaani milimita 148 kwa 210, na lazima picha izidi milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa. Kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni nukta 1,819 kwa 2,551. Picha iliyopitia WhatsApp haifiki hapo, inabanwa njiani. Ichukueni kwa waya moja kwa moja kutoka kwenye simu. Na mkumbuke kwamba skrini inatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, ilhali mashine ya kuchapa inatumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Rangi ya chungwa inayowaka kwenye kompyuta hutoka imepoa. Toeni kopi moja ya majaribio, mwonyesheni mchoraji, naye aseme ndiyo au hapana.

Aprili

Hii ndiyo safari niliyoitamani mwaka mzima. Katika kazi zilizokubaliwa kuna masimulizi ya wapagazi, wale Wanyamwezi waliobeba mizigo kutoka huku hadi pwani ya Bagamoyo. Aliyeleta ni kijana wa mwaka wa kwanza. Msimuliaji ni babu yake anayeishi Sikonge, aliyeyasikia kutoka kwa babu yake yeye. Bodi iliuliza: jina la nani liandikwe? Aliyeandika, au aliyesimulia? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi, lakini hata kama sheria isingekuwepo, mzee ana haki ya kuulizwa. Tukaamua maandishi yapelekwe kwake, asomewe yote, ndipo yachapwe.

Tulimkuta barazani. Tuliamkia, yeye akajibu marahaba na kutuuliza habari za chuo, za mvua, za wazazi wetu, mpaka mkewe alipoleta viazi vitamu. Mjukuu wake akaanza kusoma. Mzee alisikiliza amefumba macho. Palipoandikwa kwamba watu wa kijijini walisikia kelele za msafara ukikaribia, aliinua mkono.

"Hapana, mjukuu wangu. Kelele baadaye. Kwanza kengele."

Akaeleza. Mwenye pembe ya ndovu aliibeba begani, na kwenye ncha yake aliifunga kengele ya ng'ombe. Kila hatua, kengele inalia. Mtu aliye shambani alisikia kengele kabla hajasikia sauti ya mtu, na kwa wingi wa kengele alijua msafara una pembe ngapi. Alisema hayo akiwa amenyoosha kiganja kando ya sikio, na kwa mkono wa pili akipiga ukingo wa kiti taratibu, kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo mzito.

Kijana alikuwa na kitu hicho kwenye rekodi yake tangu mwanzo, ila alikiona kidogo akakiruka. Amekirudisha papo hapo kwa kalamu, pembeni mwa ukurasa. Sasa masimulizi yanaanza na kengele. Mzee amekubali jina lake na la kijiji chake liandikwe juu, la mjukuu chini yake kama mwandishi aliyepokea. Aliuliza jambo moja tu, kama maandishi yatakuwa makubwa kiasi cha kusomeka na macho ya wazee. Tumeahidi nakala yake itachapwa kwa ukubwa wa A4.

Tangu siku hiyo nimeona kwamba ile kanuni yetu ya kumjibu kila mtunzi ilikuwa fupi. Msimuliaji naye arudishiwe kilicho chake kabla hakijatoka.

Mei

Usanifu wa kurasa. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4, kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa 4. Tumejipangia 64, yaani karatasi 16 na jalada. Zikizidi hapo pini hazishiki vizuri na kurasa za katikati zinatokeza nje kuliko za mwanzo. Mpangilio ulipokamilika tukawa na 66. Wengine walitazama insha za nyuma, nani akatwe. Utangulizi wangu ulikuwa wa kurasa mbili. Nimeuondoa, na hesabu imetimia.

Umeme umekatika mara kwa mara jioni, hivyo msanifu anafanya kazi alfajiri. Programu ya kuandikia ilikuwa inapiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno, tukaizima sehemu hiyo. Jicho linaloona wekundu kila mahali haliwezi tena kuona kosa la kweli. Usahihishaji tumeufanya wawili wawili, mmoja akisoma kwa sauti pamoja na nukta na mkato, mwingine akifuata kwa kidole. Makosa mengi ni yale ya dh na th, na h iliyopotea au kuongezeka. Kwa mashairi tumepiga hesabu ya mizani upya, kwani kosa dogo la chapa linaweza kumharibia mtunzi mshororo mzima.

Tumeomba pia ISSN, namba ya kimataifa ya kutambulisha majarida, kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ni tarakimu 8, nne nne zikitenganishwa na kistari, ya mwisho ikiwa ya ukaguzi, na wakati mwingine huwa herufi X. Ikitoka itakaa juu ya jalada upande wa kulia, na toleo letu litatafutika popote.

Juni, wiki ya pili

Limetoka! Bumu, fedha za mkopo wa wanafunzi, lilichelewa, kwa hiyo michango ya wanachama ilichelewa, na mwenye duka la steshenari alitukubalia tulipe kwa awamu baada ya mlezi kutudhamini. Vijana wa dukani walikunja pamoja nasi mpaka usiku. Mchoraji alipoona moshi wa bani lake kwenye jalada alisema bluu imepoa kidogo lakini anaikubali.

Usomaji wa hadhara ulifanyika Ijumaa. Yule dada wa asali alisoma bila karatasi. Alipofika kwenye mshororo wa nne wa kila ubeti ukumbi ulikuwa unapokea, *asali ya nyuki kweli*, na mama wa kantini, ambaye hakualikwa rasmi na mtu, alikuwa mlangoni akipokea kuliko wote.

Nakala zimepelekwa maktaba ya chuo na Maktaba ya Mkoa, na nakala kubwa ya A4 imekwenda Sikonge kwa mkono wa mjukuu. Nyingine nimetenga kwa shule za sekondari ambako wenzetu wanakwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Nataka mwanafunzi wa kidato cha pili aone kwamba shairi linaweza kutungwa na mtu anayempita barabarani.

Julai, wiki ya kwanza

Makabidhiano. Mhariri mkuu mpya ni mmoja wa wale wasaidizi wawili, dada anayeingia mwaka wa pili. Amesoma kazi zote za mwaka huu, zilizochapwa na zisizochapwa, na barua zote. Amesema atatafuta wasomaji katika chuo kingine cha hapa nchini, tubadilishane kazi, ili majina yafichike kweli. Ni wazo bora kuliko namba zetu. Anataka pia kuanza mapema na insha za sanaa, maana mwaka huu tumepata mbili tu, na zote kwa kubembeleza.

Madeni: awamu ya mwisho ya duka. ISSN bado haijarudi, ifuatiliwe Agosti.

Na kuna hadithi moja haijafungwa. Ni ya yule aliyekuja na hasira Februari. Ameandika mwisho mpya, mkali zaidi ya ule wa kwanza, na bado nadhani anamuua mhusika wake mapema mno, lakini safari hii amenifanya nisiwe na hakika. Nimemwandikia hivyo hivyo, nikamnukulia aya iliyonitikisa. Yuko Kaliua kwenye mazoezi ya kufundisha mpaka Septemba na ameahidi kuileta akirudi. Ikifika ipewe wasomaji wapya, wasiwe mimi wala waliosoma mwanzo.